Maji ya Sufuria ya Mtoto

Mimi ni mwoga. Niseme mapema ili tusidanganyane. Naogopa mbwa, naogopa sindano, naogopa simu inayolia kabla jua halijatoka. Lakini hofu ninayotaka kuiandika hapa ni moja tu, ile iliyoniingia nikiwa mwaka wa tatu chuoni na ambayo mpaka leo haijanitoka vizuri. Ni hofu ya miguu ya mwanangu.

Nilisoma jiolojia ya mazingira. Nyumbani kwetu Arusha, nje kidogo ya Ngaramtoni, hakuna aliyejua hicho ni kitu gani. Mjomba wangu, ambaye ana duka la vipuri mjini, alicheka hadi akakohoa. "Yaani umefaulu vyote hivyo, halafu unakwenda kusomea mawe? Mawe si yamejaa hapo nyuma ya choo?" Nikamweleza kwamba si mawe peke yake, ni mawe na watu: maji yanapita wapi chini ya ardhi, taka zimwagwe wapi, mlima upi utaporomoka mvua ikizidi, mgodi ukifungwa nani anabaki na sumu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mshahara wake ukoje. Sikuwa na jibu. Leo ninalo. Wenzangu wengine wako migodini wanapima vumbi na maji machafu, wengine wako kwenye kampuni za barabara wanachimba mashimo kuangalia udongo, wengine wanaandika ripoti za athari za mazingira ambazo wenye miradi hawazisomi, na mmoja anauza simu Levolosi kwa sababu alituma maombi ya kazi hadi akachoka. Mimi napima visima.

Nilikwenda chuo nikiwa nimemwacha binti yangu kwa mama. Alikuwa na miezi kumi na moja. Baba yake tumwache huko alipo, sina hamu naye. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule na majoho ya kwaya, Mchaga wa Machame aliyeolewa huku zamani na kubaki mjane huku huku. Ni mtu wa vipimo. Hata chumvi anaipima kwa kijiko kile kile kila siku. Siku naondoka nililia pale mlangoni, na yeye akanisukuma na begi langu. "Nenda kasome. Huyu nitamlea kama nilivyokulea wewe, na wewe hujafa."

Likizo ya kwanza, Krismasi, nilikuta kuhara kumeingia mtaani. Watoto wawili wa jirani walikuwa wamelazwa. Nikaingiwa na wasiwasi, na mimi nikiwa na wasiwasi huwa naongea sana. Nilikuwa na elimu ya miezi miwili na mdomo wa profesa. Nilisimama jikoni nikamwambia mama: "Maji ya mtoto chemsha. Na siyo yakitoa mapovu tu unaepua, hapana. Yaache yachemke mpaka yapungue, ndiyo wadudu wote wanakufa."

Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo la kupungua. Nililiongeza mwenyewe pale pale, ili nionekane najua.

Mama hakubisha. Mama, ambaye hubishana na mchungaji, na mwenyekiti wa mtaa, na redio, hakunibishia hata neno moja. Alitenga sufuria ndogo ikawa ya mtoto tu. Akachukua msumari akakwaruza alama ndani yake, katikati kabisa. Akawa anaijaza maji ya bomba, ambayo yalikuwa yanatoka kwenye kisima kirefu cha jirani, anaiweka kwenye mkaa, na haiepui mpaka maji yafike kwenye alama. Kila siku. Yeye mwenyewe hakuyanywa. "Mimi mzee," alisema, "wadudu wameshanizoea." Watu wakimuuliza mbona anamaliza mkaa hivyo, alikuwa anajibu kwa maringo, "Mwanangu wa chuo kasema."

Kuna pia jambo la magadi. Kwetu mtoto akianza kula anapikiwa kiburu, ndizi na maharage vinavyochemshwa pamoja, na mpishi anatia magadi kidogo ili maharage yalainike upesi. Halafu unaponda, unampa. Mimi nimekuzwa hivyo, mama kakuzwa hivyo. Magadi ni yale mawe meupe yanayouzwa sokoni kwenye vifungu, yanachotwa kule kwenye maziwa ya chumvi. Hakuna aliyewahi kuyaogopa. Na meno yetu ni ya kahawia, hilo kila mtu anajua, ukicheka mbele ya wageni wanakuuliza kama unatafuna tumbaku. Tunasema ni meno ya Arusha, tunacheka, tunaendelea na maisha. Sikuwahi kujiuliza kitu kinachoweza kulipaka jino rangi kutoka ndani kinafanya nini kwenye mfupa.

Mwaka wa tatu tukaletwa Arusha kwa mafunzo ya vitendo. Nilifurahi mno, nilikuwa nalala nyumbani. Tulizunguka Mlima Meru kwa wiki mbili tukichota maji kwenye vichupa: chemchemi za juu msituni, mito, visima vya tambarare. Mhadhiri wetu alitueleza kwamba mlima huu ni wa majivu ya volkeno, na maji yakikaa muda mrefu ndani ya majivu hayo yanabeba madini yanayoitwa floraidi. Kidogo yanasaidia meno. Yakizidi yanachafua meno, na yakizidi sana yanaingia mifupani. Nilikuwa naandika kwenye daftari huku nikitafuna karanga. Nakumbuka karanga zile kuliko nakumbuka alichosema.

Kila mwanafunzi aliambiwa alete chupa moja ya maji ya mahali popote apendapo, tulinganishe. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaleta mbili. Ya kwanza ni ya bomba letu. Ya pili nilichota kwenye sufuria ya mtoto, yakiwa yamepoa. Nilitaka kuonyesha maji yaliyotunzwa yanavyokuwa. Nilijua yangu yatatoka safi kuliko ya wote.

Maabara ilikuwa mtaa wa Themi, chumba kimoja chenye feni mbovu. Mtaalamu wa pale, baba mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anachovya kifaa kwenye kila chupa na kusoma namba kwa sauti. Za chemchemi zilikuwa ndogo. Za tambarare zikaanza kupanda. Ya bomba letu ikapita kiwango kinachoruhusiwa, wenzangu wakanizomea kwa utani. Kisha akachovya kwenye ya sufuria. Akaangalia. Akakitoa kifaa, akakisuuza, akachovya tena.

"Binti, haya umeyatoa wapi? Ziwani?"

Wote wakanigeukia. Nikasikia masikio yanapata moto. Na nikasema, "Ndiyo, ziwani."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ninajua. Niliogopa. Mhadhiri akapokea akaendelea na somo, akasema ndiyo maana watu wa huku hawashauriwi kuyachemsha maji mpaka yapungue, kwa sababu maji yanaondoka na mvuke na floraidi inabaki, kama mchuzi unavyokolea ukiachwa motoni. Alisema na magadi nayo yamejaa madini hayo hayo. Alisema watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu mifupa yao ndiyo kwanza inajengwa. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilipiga hesabu. Miaka miwili. Kila siku, kikombe baada ya kikombe, na uji wa maji hayo, na kiburu cha maji hayo na magadi juu yake.

Sikungoja ruhusa. Nilifika nyumbani mama yuko kwenye cherehani, mtoto anacheza na vitambaa sakafuni. Nilimwita. Akasimama, akaja mbio.

Ni mtoto wangu, nilikuwa nimemwona akitembea mara elfu. Lakini siku hiyo niliangalia miguu tu. Magoti yote mawili yalikuwa yameingia ndani, yanagusana, na nyayo zimekaa mbali mbali. Alikuwa anakimbia kwa kupepesuka. Mama alikuwa ameshaniambia kwenye simu, "Huyu mtoto naona miguu yake haikai sawa," na mimi nikamjibu watoto wote wako hivyo, itanyooka. Majirani nao walisema itanyooka. Nikapiga magoti pale nikaishika miguu ile, ikawa miembamba mikononi mwangu, na nikaibana bila kujua, mpaka mtoto akaogopa akaanza kulia.

"Una nini?" mama akauliza.

"Mama, usimpe tena maji ya sufuria."

"Kwa nini? Nachemsha vizuri. Mpaka kwenye alama."

"Usimpe tu, mama. Nakuomba."

Akaenda jikoni akayamwaga maji yote nje, bila kuuliza tena.

Kesho yake tulikwenda hospitali, watatu. Sikuwa nimelala. Mtoto alipigwa eksirei huku analia "bibi, bibi", maana mimi alikuwa bado hajanizoea wakati wa shida. Daktari, dada wa makamo, aliiweka picha kwenye mwanga akaitazama. Kisha akasema mifupa imeanza kuwa mizito isivyo kawaida na inajipinda. Akasema bado ni mdogo, mifupa bado inakua, tukiondoa kinachomdhuru inaweza ikarudi. Inaweza. Hakusema itarudi. Nikauliza, "Atatembea?" Akasema, "Sasa hivi anatembea. Tumwangalie."

Halafu akafungua daftari akaanza kuuliza. Nani anampikia mtoto?

"Mimi," mama akasema.

Anapikiwa nini? Mama akaeleza. Magadi? Ndiyo, kidogo. Maji? Ya bomba, yaliyochemshwa. Yanachemshwa kwa muda gani?

"Mpaka yapungue nusu."

Daktari akainua macho. "Nusu? Nani alikuambia uchemshe mpaka nusu, mama?"

Nilikuwa nimekaa pale pale, bega langu limegusana na la mama. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Mama akaiangalia mikono yake, ile mikono yenye alama za sindano, akasema, "Niliona mwenyewe tu."

Daktari akaandika. Na mimi nikaufunga mdomo wangu.

Kuanzia hapo maisha yetu yakawa maji. Tulinunua tangi la kuvuna mvua. Kiangazi mama alikuwa anapanda hadi chemchemi ya juu na madumu mawili kwenye toroli, kwa sababu nilipima ya kule nikayakuta salama. Magadi yakatupwa. Kiburu bila magadi kinachukua nusu siku, na mama alikuwa analalamika kwa maharage kama vile yanamsikia: "Haya, jifanyeni magumu, tuone nani atachoka." Mimi nilirudi chuoni nikasoma kwa hofu. Wengine wanasoma kwa bidii, mimi nilisoma kwa hofu, na niwaambie, inafika mbali. Kila mada nilikuwa natafuta pale inaposema mtoto anapona. Vitabu vya jiolojia havisemi.

Kila likizo nilimlaza mtoto kitandani, nagusanisha magoti yake, kisha naweka vidole vyangu katikati ya vifundo vya miguu. Mara ya kwanza vilipita vidole vitano na bado nafasi ikabaki. Baada ya mwaka, vinne. Nilishangilia peke yangu chumbani. Mwaka uliofuata ilikuwa vinne bado, na nikashindwa kula siku mbili. Mtoto akazoea, akawa analala mwenyewe na kuniuliza, "Mama, leo vingapi?" Mguu wa kushoto ulinyooka. Wa kulia umegoma.

Na mama alibeba lawama. Hakuificha. Kwenye jumuiya ya kina mama kanisani alisimama akasema, jamani tusichemshe maji mpaka yapungue, mimi nimemwumiza mjukuu wangu. Alidhani anasaidia, na alisaidia. Lakini watu ni watu. Siku moja kwenye ubatizo nilimwona jirani anamchukua mtoto wake mchanga kutoka mikononi mwa mama, anacheka, "Usije ukampa maji, bibi!" Wote wakacheka. Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, nikaendelea kula. Ningeweza kusema neno moja tu. Niliogopa kwamba nikisema, mwanangu atakuja kulisikia akiwa mkubwa, na ataangalia ule mguu, kisha ataniangalia mimi.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye shirika linalopima maji vijijini. Tunachota, tunapima, tunarudi kuwaambia wananchi majibu. Kupima ni rahisi. Kuwaambia ndiko kunakonitoa jasho, kwa sababu unasimama mbele ya akina mama wenye watoto mgongoni na unajua wanachoanza kuhesabu kichwani. Mwaka jana zamu ikaangukia kwetu. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, aende yeye. Msimamizi akakataa. "Kule ni kwenu, watakusikiliza."

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mama alikuja na gauni la kanisani, akakaa mstari wa pili, na binti yangu amevaa sare ya darasa la kwanza aliyomshonea yeye. Nilieleza kuhusu kisima. Nikaeleza magadi, watu wakaguna. Nikaeleza kuchemsha, kwamba kuchemsha kidogo kuua vijidudu sawa, lakini kuyaacha yapungue ni kumwongezea mtoto madini. Mzee mmoja akauliza kama serikali italeta bomba jingine. Nikajibu nilivyoweza.

Kisha akasimama bibi mmoja wa nyuma, hana nia mbaya, anataka kuelewa tu. "Mwalimu, sasa huyu mtoto wako hapa, huu mguu wake ndiyo hayo maji?"

Darasa zima likamtazama mwanangu. Akaurudisha mguu wake chini ya dawati.

Mama akasimama. Alisimama haraka, kama mtu aliyeitwa jina lake. "Ndiyo hayo," akasema. "Nilimchemshia mimi. Mimi ndiye..."

"Mama, kaa," nikasema.

Sauti yangu ilitoka nyembamba, sikuitambua. Nilimwangalia mwanangu, nikamwangalia yule bibi, halafu nikaangalia ubao kwa sababu ubao hauna macho. "Alichemsha kwa sababu mimi nilimwambia. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Hakuna aliyenifundisha, nilijitungia. Nilimwambia ayaache mpaka yapungue, na yeye akaniamini. Na alipoulizwa hospitali, mimi nilikuwepo na nikanyamaza. Hajamwumiza mtu. Ni mimi."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Yule bibi akasema, "Haya, mwanangu, tumesikia," akakaa. Mwenzangu akaja mbele akaendelea na mambo ya machujio ya maji, nami nikasimama pembeni nimeegemea ukuta.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Binti yangu alikuwa ametangulia mbele, hajaniuliza lolote, na kila hatua nilikuwa nangoja ageuke aniulize. Mama alitembea kando yangu mpaka tukapita kinu cha kusaga ndipo akasema, bila kuniangalia, "Nilidhani umesahau."

"Sikusahau, mama. Niliogopa."

"Pale hospitali nilikufunika ili usije ukaacha shule. Nikajua ukimaliza utasema. Umemaliza, umepata kazi, kimya. Nikawa najiuliza, hivi huyu hakumbuki, au anakumbuka na ananiacha hivi hivi. Na nikawa naomba iwe umesahau."

Mama aliongeza mwendo akamfuata mtoto, akamshika mkono.